Kutazama ndege Mbuga ya Nairobi: rekebisha darubini kwanza

Jumamosi mpwa wangu alinirudishia darubini mara tatu. "Mjomba, hii imeharibika." Ilikuwa nzima, hakuwa ameirekebisha tu. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwa kosa hilohilo, ndiyo maana naandika.

1. Lipia kiingilio kwa simu usiku wa kuamkia safari. Langoni hawapokei pesa taslimu. Fika saa kumi na mbili asubuhi, maana jua likishakuwa kali ndege wengi hujificha.

2. Beba darubini ya 8x42: inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Muuzaji atakusukumia 10x50. Kataa. Ni nzito, na mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anacheza dansi.

3. Irekebishe kabla hujaondoka. Ikunje katikati huku ukitazama, hadi duara mbili unazoziona ziwe moja. Chagua kitu kisichosonga, kama kibao cha barabarani. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, kisha zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione herufi vizuri. Sasa ziba ya kushoto, na USIGUSE gurudumu. Zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi jicho hilo nalo lione herufi vizuri. Pete hiyo ndiyo iliyonitesa. Nilidhani ni pambo. Usifumbe jicho moja badala ya kuziba, kwa sababu ukikunja uso hata lile lililo wazi linaona vibaya. Mwenye miwani abaki nayo, ashushe raba za vioo vya macho. Kwenye darubini nyingine pete iko katikati, na nyingi huteleza ndani ya mkoba, kwa hiyo weka alama ya rangi ya kucha. Ukimwazima mtu, kagua tena. Kuanzia hapo unagusa gurudumu peke yake.

4. Anzia Bwawa la Nagolomon, karibu na lango kuu. Zima injini, mtikisiko wake unaharibu kila kitu. Usishuke, simba wapo. Isitoshe ndege hawaliogopi gari kama wanavyomwogopa mtu. Mtazame ndege kwa macho, kisha inua darubini bila kuinamisha kichwa. Bwawani usichanganye mnandi na mbizi, ndege wa majini wanaofanana. Mnandi ana mdomo wenye ncha iliyopinda. Wa mbizi umenyooka kama kisu, na akiogelea mara nyingi unaona shingo tu.

5. Andika daftarini papo hapo. Programu za simu ni za nyumbani. Ukiinamia skrini, korongo taji ameshapita.

Mpwa wangu alihesabu ndege 32. Nilipokagua daftari, moja ilikuwa imeruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson.