Kabla Hujashika Jembe Mwezi wa Tatu

Masika huku Kakamega hayamngoji mtu apone goti, na sisi tuliopita miaka 60 ndio tumeachiwa mashamba. Kwa hivyo panga mapema.

Mpini kwanza. Ule mfupi unakukunja mgongo mchana kutwa. Tia mrefu, hata majirani wakicheka. Jembe linolewe. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 juu ya shingo, basi beba lita 10 uende mara mbili. Gunia la kilo 90 waachie vijana. Kupukuchua mahindi, kalia kigoda, si kuchuchumaa. Shamba ligawe vipande: ukipalilia hadi saa nne inatosha, kesho ipo.

Sasa dawa, na hapa usiniruke.

Mwaka juzi magoti yalianza kuuma kabla ya palizi ya kwanza. Nikaenda duka la dawa, nikafungiwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, kwenye kikaratasi. Hakuna aliyeniuliza umri wala presha, nami sikusema. Nilikuwa nikimeza alfajiri, tumbo tupu, kama mtu anayetia mafuta kwenye pikipiki. Magoti yakanyamaza! Nikapalilia kipande cha siku tatu kwa siku moja, nikajiona msichana. Wiki ya pili choo kikawa cheusi kama lami. Nikalaumu mboga za kunde. Siku mbili baadaye kizunguzungu kikaniangusha katikati ya mistari ya mahindi.

Hospitalini niliongezwa damu. Daktari akanieleza kwamba dawa hiyo huchubua tumbo mpaka likavuja damu, na choo cheusi ndiyo damu yenyewe. Tena hupandisha presha na kuzielemea figo, nami nilikuwa namezea juu ya vidonge vya presha. Na magoti? Yalivimba kuliko mwanzo. Maumivu yalikuwa yakiniambia pumzika, nikayaziba mdomo.

Basi kabla ya kununua, sema umri wako, presha, kisukari, vidonda vya tumbo. Uliza jina la kidonge. Kilichofungwa kwenye kikaratasi bila jina kirudishe. Maumivu madogo jaribu dawa ya kupaka, au paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Goti likiwa la moto na limevimba, au vidole vikiamka vimekakamaa kwa saa nzima, nenda ukapimwe, usiseme ni uzee tu. Mgongo ukiuma na miguu ikalegea, au mkojo ukakushinda kuuzuia, nenda siku hiyo hiyo, palizi ingoje.

Usianze kazi bila kula. Gamubuti zilizolika nyayo huteleza, tupa. Simu iwe na chaji. Na mwambie mtu uko kipande gani cha shamba, maana mimi siku ile aliyeniona ni mtoto aliyekuwa akifuata mbuzi wake.