Somo: Namna ya kupanga stripu za sukari zimfikie mgonjwa wa mbali bila kukatika

Ninaandika somo hili kwa sababu swali moja kutoka kwenu wanachama wa kundi letu limeniandama kwa miezi sasa: namna ninavyomtumia mama yangu stripu za kupimia sukari kutoka Dar es Salaam hadi Pangani bila yeye kuishiwa. Nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka, na kila ninapojibu kwa haraka huwa ninasahau jambo muhimu kuliko yote, ambalo liko katika hatua ya nne. Nawaomba msome hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza. Piga picha uso wa mashine ya mgonjwa ya kupimia sukari, jina lote lionekane, uihifadhi kwenye simu yako, kwa kuwa stripu ya mashine moja haitumiki kwenye nyingine.

Hatua ya pili. Fanya hesabu ya matumizi. Mama anachoma insulini asubuhi na jioni, na kliniki imemwagiza apime mara 2 kwa siku, hivyo kwa siku 30 anatumia stripu 60, ukiacha chache zinazoharibika kwa kuwekewa damu kidogo. Makopo 2 ya stripu 50 yanamtosha siku 45 hivi, kwa hiyo zamu yetu ni kila wiki 6. Anayetumia vidonge peke yake mara nyingi hahitaji kupima kila siku, na ni vyema aulize kliniki yake kwanza kabla hajajifunga kununua vitu vitakavyoisha muda vikiwa kabatini.

Hatua ya tatu. Weka oda ya kudumu kwenye famasi iliyosajiliwa. Zungumza na mfamasia mwenyewe, umwachie karatasi yenye jina la mashine, idadi ya makopo na tarehe za kutuma. Mimi hulipa kwa simu baada ya kutumiwa picha ya kopo inayoonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi, na sipokei kopo lililobakiza chini ya miezi 6. Mkubaliane pia kwamba aina hiyo ikikosekana utapigiwa simu, usije ukatumiwa inayofanana nayo.

Hatua ya nne: kufunga mzigo. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lingeweza kumgharimu mama uhai wake. Nilipoanza kutuma, makopo mawili yalikataa kuingia kwenye bahasha niliyokuwa nayo. Nikaona makopo ni vifungashio tu kama boksi la dawa ya meno, nikazimimina stripu zote kwenye mfuko mdogo wa plastiki, nikaukunja vizuri na kuutuma. Katika wiki ile mashine ya mama, ambayo husoma kwa milimoli kwa lita, ilianza kusoma 13, 14, hata 15. Mama ni mtu wa nidhamu. Aliacha wali, akaacha muhogo, akabaki na mchicha na vipande viwili vya samaki, huku insulini akiendelea kuchoma kipimo kilekile. Siku ya kliniki muuguzi alimpima akapata 6.1, na mashine yetu, kwa kidole kilekile, ikasoma 12.9. Baadaye mama alinieleza kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akiamka usiku akitetemeka, shuka limelowa jasho, akidhani ni homa. Haikuwa homa. Sukari ilikuwa ikishuka, nasi tulikuwa tukiamini kwamba imepanda.

Kwenye ncha ya stripu kuna kimeng'enya kilichokaushwa, ambacho ndicho kinachokutana na sukari iliyomo katika damu na kuiwezesha mashine kuisoma. Unyevu ukikifikia, majibu hupotoka, ama kwa kupanda ama kwa kushuka, na stripu yenyewe kwa macho haionyeshi kasoro yoyote. Kopo lina mfuniko unaobana na dawa ya kunyonya unyevu ndani yake, na kwa mji wa pwani kama Pangani, ambako hata chumvi mezani hugeuka maji, ulinzi huo hauna mbadala.

Kwa hiyo, usizitoe stripu kwenye kopo lake kwa sababu yoyote ile. Usichanganye za makopo mawili, hata kama ni za aina moja. Usifungue kopo jipya "kukagua" kabla ya kulituma. Mgonjwa atoe stripu moja kwa mkono mkavu na kufunga mfuniko papo hapo, kabla hata hajajitoboa. Na majibu yakibadilika ghafla bila sababu, apime tena kwa stripu ya kopo jingine au aende kituo cha afya, wala asibadilishe chakula au insulini kwa kuamini stripu moja.

Hatua ya tano. Tuma kwa basi la asubuhi, kati ya Jumatatu na Alhamisi. Mzigo wa Ijumaa ukikosa mtu wa kuupokea unaweza kukaa hadi Jumatatu chini ya bati, wakati makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzijoto 30. Mwombe kondakta asiuweke karibu na injini, kisha mtumie mpokeaji picha ya risiti. Wetu hupokelewa na mdogo wangu stendi ya Kange, Tanga, siku hiyohiyo.

Hatua ya sita. Kopo likifunguliwa, mgonjwa aandike tarehe kwenye lebo kwa kalamu ya wino, kwa kuwa aina nyingine hutakiwa kutumika ndani ya miezi 3 tu tangu kufunguliwa. Kama mashine inatumia chipu au namba maalumu ya kopo (code), aibadilishe kulingana na kopo jipya.

Hatua ya saba. Oda inayofuata itolewe siku kopo la pili linapofunguliwa. Ukingoja liishe umechelewa.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mbagala: Mkuu, somo refu sana, sijamaliza. Naomba namba ya duka na bei tu.

Jibu: Sitoi namba ya duka la mtu. Bei inategemea mashine, na wewe mashine yako hujaitaja. Rudi hatua ya kwanza.

Baba Nuru: Mashine ya mzee ni Accu-Chek. Ninunue stripu gani?

Jibu: Accu-Chek ni jina la ukoo. Kuna Active, Performa, Instant na Guide, na stripu ya moja haitumiki kwenye nyingine. Soma uso wa mashine.

Mpenda Hoja: Kwa nini ujisumbue na mabasi wakati stripu zipo Tanga mjini? Naona unatukuza kazi isiyo na lazima.

Jibu: Ndugu yangu, zipo, na ningefurahi zaidi kuzinunua huko. Za mashine ya mama zilikosekana mara tatu katika mwaka mmoja, na kila zilipokosekana alikaa bila kupima. Kama mjini kwako hazikosekani, weka oda yako huko na uniachie mabasi yangu.

Mwalimu wa Korogwe: Shikamoo. Nimesoma mara mbili. Mashine ya baba inasoma 8.0 na maabara wanasema 7.1 kwa asubuhi ileile. Je, stripu zake nazo zimeharibika?

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Tofauti hiyo inakubalika. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013, kinachojulikana kama ISO 15197, kinataka angalau majibu 95 katika kila 100 yasitofautiane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Chini ya hapo tofauti isizidi 0.83. Asilimia 15 ya 7.1 ni kama 1.07, na nyinyi mmetofautiana kwa 0.9. Linganisheni kabla ya kula, kwa sababu baada ya chakula damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa. Pia baba anawe mikono kwa maji na sabuni na aikaushe, kwani maji ya embe kwenye kidole unatosha kupandisha majibu.

Mwalimu wa Korogwe: Nimeelewa. Kaka aliye Marekani ametuletea mashine nyingine, nayo inasoma 126. Tulishtuka sana.

Jibu: Hiyo inatumia miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, utapata 7.0. Iandikeni hesabu hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye mkoba wa mashine. Kabla hamjaizoea hakikisheni kwamba stripu zake zinapatikana hapa nchini, kwani mashine nyingi za zawadi hulala kabatini kwa kukosa stripu.

Mama Rehema: Dada yangu hutupa sindano za kutobolea kwenye jalala, na watoto hucheza hapo.

Jibu: Aziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, kama ya dawa ya kufulia, aiandike "SINDANO", na ikijaa robo tatu aipeleke kituo cha afya. Na asiazime mtu kitobolea chake, hata mumewe.

Mkulima wa Mlalo: Sisi hatuna friji. Insulini ya mke wangu tunaihifadhi kwenye mtungi wa maji, ndani ya mfuko. Naweza kuziweka na stripu humo zipate ubaridi?

Jibu: Hapana, tafadhali, na kama tayari zimo, zitoe leo. Mtungi hupoa kwa sababu maji hupenya kwenye udongo na kukauka, kwa hiyo ndani yake na pembeni yake ni unyevu mtupu. Insulini imefungwa ndani ya kichupa chake na mtungi unaisaidia, lakini stripu zitaharibika. Ziweke kwenye kabati la chumbani, mbali na jiko na dirisha la jua. Na zile zilizokwisha kukaa mtungini msizitumie, hata kama zimebaki nyingi. Mke wako apimwe kituo cha afya hadi upate kopo jipya.