Namna ya Kuishi na Timu Yako ya Mtaani Mpaka Uzeeni

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza vipi mtu anaweza kuishabikia timu ya Unguja kwa miaka arubaini, ilhali kila Jumamosi televisheni inamletea Ligi Kuu ya Uingereza bila ya yeye kutoka nyumbani. Siku ile nilimjibu kwa ufupi, na jawabu refu ndilo hili. Timu yangu sitaitaja, kwa sababu watani wetu wakiijua wataacha kusoma hapa hapa.

Kwanza, ichague timu kwa sababu isiyokwisha haraka. Anayeipenda timu kwa kuwa imetwaa ubingwa mwaka huu, mwakani atakuwa na sababu ya kuihama. Bahati nzuri ni kwamba timu za Zanzibar zina pahala pa kutokea: Malindi, Mlandege na Miembeni zimebeba majina ya mitaa, na KMKM, JKU, Mafunzo na Zimamoto ni timu za vikosi vya serikali ya Zanzibar. Ukiwa umezaliwa Malindi, au baba yako alikuwa askari wa KMKM, sababu unayo tayari. Usipokuwa nayo, kaangalie mechi nne au tano za timu mbalimbali, kisha ishike ile ambayo hata ikifungwa unarudi nyumbani ukiizungumza njia nzima. Ujue pia kwamba wachezaji wa timu za vikosi aghalabu huwa na ajira, ilhali timu ya mtaa huishi kwa michango ya wanachama na mkono wa mfadhili, na mfadhili akichoka, wachezaji wazuri nao huondoka.

Pili, weka wazi mapema msimamo wako juu ya Simba na Yanga. Wazanzibari wengi wapenda mpira wana moja kati ya hizo mbili moyoni, na hakuna ubaya, mradi uwe umeshaamua utakaa upande gani siku zitakapokutana na timu yako ya nyumbani. Siku hiyo huja, hasa mwezi wa Januari, kwenye Kombe la Mapinduzi, mashindano ya kuadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 2024 Mlandege ilicheza fainali na Simba katika Uwanja wa Amaan, ukiwa ndiyo kwanza umefunguliwa baada ya ukarabati mkubwa, ikashinda bao 1-0 na kulichukua kombe kwa mara ya pili mfululizo. Jirani yangu, ambaye hujiita Mlandege wa kuzaliwa na Simba wa kuoa, alikaa muda wote hajapiga kofi hata moja. Bao lilipoingia alisimama, akatazama huku na huku, akakaa tena. Mpaka leo hajatwambia alisimama kwa furaha au kwa mshituko. Asiyetaka kuteseka hivyo aamue kabla ya ratiba kutoka.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, nenda uwanjani siku za kawaida. Fainali kila mtu huenda. Shabiki hujulikana Jumanne ya saa kumi jioni katika Uwanja wa Mao, timu ya nafasi ya saba inapocheza na ya tisa na jukwaani watu wanahesabika. Sali alasiri mapema, ingia uwanjani mechi haijaanza, na kaa pahala pale pale kila unapokwenda. Ushauri wa kukaa pahala pale pale unaonekana mdogo, lakini ndio unaoleta mengine yote: baada ya mechi tatu utamjua muuza karanga, baada ya mechi kumi mzee wa pembeni ataanza kukusimulia, na ukikosa siku moja utaulizwa kama unaumwa. Ushabiki wa peke yako chumbani huzimika siku unapopata shughuli nyingine, na ule wenye watu wanaokuuliza hauzimiki kirahisi.

Wajue wachezaji kwa majina wakiwa bado wadogo, kwa sababu hawatakaa sana. Feisal Salum tulimwona akiwa na jezi ya JKU kabla hajavuka bahari kwenda Yanga na baadaye Azam, na wangapi wengine wamepita njia hiyo hiyo. Usimkasirikie mchezaji anayekwenda kutafuta maisha. Mshangilie, kisha uulize kipa mpya anatoka wapi.

Wazee nao wahojiwe wakiwa hai. Nunua daftari la kawaida la skuli, uandike tarehe, mpinzani, matokeo, wafungaji, na uliyekuwa naye. Kisha kaa kwenye barza ya kahawa na uulize kuhusu mwaka 1995, ambapo Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, la vilabu vya Afrika, na timu ya taifa ya Zanzibar ikatwaa Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, huko Uganda. Utasikia masimulizi matatu yanayopingana kuhusu mechi moja. Yaandike yote matatu, na usimsahihishe mzee wa watu mbele ya wenziwe.

Safari ya Pemba ifanye angalau mara moja kwa msimu, timu inapocheza katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake. Boti huondoka bandarini Malindi hadi Mkoani, na kutoka hapo unapanda gari ya abiria mpaka Chake Chake, mwendo wa kiasi cha kilomita 30. Tiketi ya boti ikatwe siku za nyuma, kwani wiki ya Mapinduzi nafasi hujaa, na upange pa kulala, maana mechi ya jioni haikuachii muda wa kuiwahi boti ya kurudi. Mwenye kuchafukwa na bahari asile urojo kabla ya kupanda. Mimi nilikula, na nilifika Mkoani sijui hata tunacheza na nani. Ukiwa ugenini, shangilia kwa adabu: Wapemba watakutania mpaka ukome, na wakishakufunga watakukaribisha chakula.

Kuhusu kufungwa, kanuni ni moja: asubuhi yake nenda barzani kwa miguu yako mwenyewe, mapema, ukatambiwe ukiwa umeshika kikombe chako. Anayejificha siku tatu hungojwa siku tatu, na utani ukilala huzidi makali. Utani nao una mipaka yake. Hautaji wazazi, dini wala maradhi ya mtu. Dau usiweke hata kidogo. Mbali na kuwa kamari ni haramu, mwenye fedha mezani haiangalii timu yake tena, anaziangalia fedha zake.

Mtoto usimlazimishe. Mpeleke kwanza kwenye mazoezi, ambako ataweza kumwona mchezaji kwa karibu na pengine kurudisha mpira uliotoka nje, na jezi mnunulie atakapoiomba mwenyewe. Akiamua kuwa upande wa watani, vumilia. Nyumba yenye timu mbili haikosi mazungumzo wakati wa chakula.

Mwisho, timu ikishuka daraja, shuka nayo. Huko chini mechi nyingi huchezwa kwenye viwanja vya mchanga visivyo na jukwaa, kwa hiyo chukua mwavuli na kipande cha mkeka, na ufike mapema ili upate upande wenye kivuli cha mwembe kabla wenyeji hawajaujaza.