Daftari la Mwaloni: Kupima Samaki na Maji ya Nyumba ya Mungu kwa Kujitolea

Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu kusini mwa Moshi na kuyaachia tena kwa Mto Pangani, lilijengwa katika miaka ya 1960, na umeme ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kulijenga. Samaki walizidi matarajio: mavuno yalipanda kwa kasi, wavuvi wakahamia kutoka mbali, na baada ya miaka michache tu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakaporomoka. Kila mzee wa bwawani ana maelezo yake kuhusu kuporomoka huko, yawe ya nyavu, ya ukame au ya wageni, na huenda yote yana ukweli ndani yake. Lakini ukiuliza leo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mtumbwi mmoja ulileta kilo ngapi mwezi kama huu mwaka jana, ni nadra kujibiwa kwa tarakimu. Pengo hilo linaweza kuzibwa na wanakijiji wenyewe kwa daftari, mzani, ubao wa kupimia na muda wa saa mbili wakati wa asubuhi.

Kosa la kwanza la madaftari mengi ni kuandika kilo peke yake. Tuseme mwaka huu mitumbwi kumi imeleta kilo 200 asubuhi moja, na mwaka ujao mitumbwi ishirini na tano ikaleta kilo 300. Anayetazama jumla atasema samaki wameongezeka. Anayegawanya ataona kuwa kila mtumbwi umeshuka kutoka kilo 20 hadi kilo 12, yaani watu wengi zaidi wanafuata samaki wachache zaidi. Kwa hiyo kila mstari wa daftari uwe na nguvu ya uvuvi iliyotumika: watu wangapi walikuwa chomboni, walitega vipande vingapi vya nyavu, macho ya nyavu ni inchi ngapi, na nyavu zilikaa majini usiku mzima au saa chache. Mtumbwi uliorudi mtupu nao uandikwe, tena kwa sifuri iliyo wazi, kwa sababu mwandishi anayeruka mitumbwi mitupu hujikuta na bwawa lenye neema ambalo halipo popote ila katika karatasi zake.

Haiwezekani kupima kila chombo kila siku, wala hakuna haja. Siku mbili au tatu za wiki, zilizopangwa mapema na zisizobadilishwa kwa kuwa uvuvi siku hiyo ni mbaya, zinatosha kabisa. Andika pia kama usiku ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi, maana wavuvi wenyewe wanajua kuwa nyavu za kutega hazishiki sawasawa katika nyakati hizo mbili, na kulinganisha wiki ya giza na wiki ya mwezi mpevu ni kujidanganya.

Samaki wapimwe kabla ya kupasuliwa matumbo. Mzani wa kuning'iniza urudishwe kwenye sifuri tenga tupu likiwa limetundikwa. Kwa urefu, chukua perege thelathini hivi bila kuchagua, kama walivyo tengani, kwani mkono wa binadamu hukimbilia wakubwa bila mwenyewe kujua. Mlaze kila mmoja juu ya ubao wenye alama za sentimita, mdomo ukigusa kizuizi cha mwanzo, kisha usome mwisho wa mkia. Perege jike hulea mayai na vifaranga vyake kinywani, na anaponaswa mara nyingi huvitema. Kwa hiyo ukikuta mayai au vifaranga mdomoni au chini ya mtumbwi, weka alama. Baada ya misimu miwili mitatu alama hizo zitaonyesha ni miezi gani samaki wanazaliana, na urefu wa jike mdogo kabisa anayelea utaonyesha kama nyavu zinavua samaki kabla hawajazaa hata mara moja. Dume naye huchimba kiota chake kwenye maji mafupi ya kandokando, mahali palepale ambapo kokoro, wavu mrefu wa kuvutwa hadi ufukweni, huburutwa, na hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wataalamu walikatae kokoro hata linapovua samaki wakubwa.

Hapa pana jambo linalohitaji busara. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinavitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, na vikundi hivyo hushiriki pia katika doria. Nashauri anayeandika daftari asiwe ndiye anayekwenda doria. Mvuvi akishuku kuwa inchi za nyavu zake zikiandikwa asubuhi zitamletea wakamataji jioni, atadanganya au atashukia mahali pengine, na daftari litakuwa limekufa. Badala ya majina zitumike namba za siri zinazojulikana na mwandishi tu. Kwa uzoefu wangu, mama wanaonunua na kukaanga samaki wanaifaa kazi hii kuliko vijana tunaowakimbilia kwa sababu wamemaliza kidato cha nne: wao wako mwaloni kila alfajiri kwa shughuli zao wenyewe, na hakuna awezaye kuwadanganya kuhusu uzito wa tenga.

Maji nayo yana mambo yake. Simika nguzo yenye alama za sentimita mahali ambapo namba zake husomeka ukiwa nchi kavu, kwa kuwa mamba na viboko hawajui kuwa umejitolea, na usome kina saa ileile kila siku ya kazi. Uwazi wa maji hupimwa kwa kisahani cha bati chenye kipenyo cha sentimita 20, kilichopakwa nyeusi na nyeupe kwa robo zinazopishana, kikishushwa kwa kamba yenye alama upande wa kivuli wa mtumbwi karibu na adhuhuri. Wastani wa kina kinapopotea na kinapoonekana tena ndio uwazi. Wakati wa masika udongo wa mtoni huweza kuupunguza uwazi ghafla, ila maji yakigeuka kijani kizito wakati hakuna mvua, tazama samaki alfajiri. Mimea midogo ya majini inayoleta rangi hiyo hutumia oksijeni usiku, hivyo muda wa kabla ya jua kuchomoza ndio wenye uhaba mkubwa, na perege wanaohema juu ya maji saa hiyo ni habari ya kumfikia afisa uvuvi siku hiyohiyo. Wakifa wengi, andika saa, mahali, aina na ukubwa, na mtu yeyote asiwale wala kuwauza mpaka chanzo kijulikane, kwani juu ya mito hii kuna mashamba ya mpunga na miwa yanayopuliziwa dawa.

Kila baada ya miezi mitatu wastani wa kilo kwa mtumbwi uchorwe kwa nguzo za makaa kwenye ubao mweupe pale mwaloni, ili asiyesoma naye aone nguzo ikipanda au ikishuka, na wavuvi wenyewe waeleze kwa nini kabla mtaalamu hajafungua kinywa. Nakala moja ipelekwe kwa afisa uvuvi wa wilaya na nyingine ibaki ofisi ya kijiji, nje ya mikono ya mwandishi, maana madaftari mengi hupotea siku mwenyewe anapohama.