Somo: Kupaka rangi mstari mzima kwa fomula kwenye Excel

Kupaka seli rangi kwa mkono hakuna asiyejua. Tatizo ni kesho: tarehe imesogea, rangi iko palepale. Kazi hiyo tuiachie fomula.

Tuseme una orodha ya kazi. Safu A ni jina la kazi, B mhusika, C hali, D tarehe ya mwisho. Vichwa viko mstari wa 1. Tunataka kazi iliyopitwa na tarehe, mstari wake wote uwe mwekundu.

Hatua ya 1: Chagua A2 hadi D200, ukianzia A2. Vichwa viache.

Hatua ya 2: Home, Conditional Formatting, New Rule, kisha "Use a formula to determine which cells to format".

Hatua ya 3: Andika =$D2<TODAY()

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Fomula unaiandika kwa ajili ya seli ya kwanza tu, yaani A2. Zilizobaki Excel inazisogezea yenyewe. Ukisahau dola (ile $ inayozuia D isisogee), A2 itaangalia D2 vizuri, lakini B2 itachungulia E2, ambako hakuna kitu. Seli tupu huhesabiwa kama sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe ya leo, basi B hadi D zote zinawaka. Ukizidisha dola ukaandika $D$2, kila mstari utafuata tarehe ya kazi ya kwanza.

Hatua ya 4: Format, Fill, chagua rangi hafifu (nyekundu kali inaficha maandishi), OK.

Ukitaka kurekebisha fomula ndani ya kile kisanduku, bonyeza F2 kwanza. Bila hivyo, mishale ya kibodi inakuchomekea anwani za seli katikati ya fomula. Mimi ilinitesa muda mrefu.

MASWALI

Swali: Mkuu, mistari ambayo sijaijaza tarehe nayo imekuwa myekundu!

Jibu: Ni ile sifuri tena. Tumia =AND($D2<>"",$D2<TODAY()). Kama hutaki kazi zilizokwisha ziwake, ongeza $C2<>"Imekamilika" humo humo ndani ya AND.

Swali: Yangu inakataa kabisa, inasema fomula ina kosa.

Jibu: Jaribu nukta-mkato badala ya mkato. Inategemea mipangilio ya eneo kwenye kompyuta yako.

Swali: Tarehe nyingine zimepita kabisa lakini haziwaki. Nimekagua dola, ziko sawa.

Jibu: Zimeegemea kushoto mwa seli?

Swali: Ndiyo, tena hizo tu. Nilizinakili kutoka kwenye faili nyingine.

Jibu: Basi hayo ni maandishi, si tarehe, na Excel huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Chagua safu D, nenda Data, Text to Columns, na kwenye hatua ya tatu chagua Date, DMY kama siku ndiyo inayotangulia. Zikihamia kulia, zitawaka zenyewe.