Hiyo "z" ya kinyozi imetoka wapi?

Ukipewa swali la kuchanganua mofimu (vipande vidogo kabisa vyenye maana) za neno kinyozi, usiandike ki-nyo-zi. Kiswahili hakina kiambishi -zi cha kuunda nomino za namna hii. Kiambishi ni -i tu; z ni mali ya mzizi.

Kipimo ni rahisi: weka kitenzi katika kauli ya kutendwa. Nyoa huwa nyolewa. Hiyo l ndiyo iliyokuwa imejificha, nayo ikikutana na -i inageuka z: ki-nyoz-i. Jaribu nunua, nunuliwa, mnunuzi. Lea, lelewa, mlezi. Hata mkazi wa Sinza ni huyohuyo: kaa, kaliwa, mkazi.

Konsonanti nyingine nazo hubadilika mbele ya -i hii. K huwa sh (pika, mpishi), t huwa s (fuata, mfuasi), d na g huwa z (linda, mlinzi, jenga, mjenzi). B ina vituko vyake: iba hutoa mwizi, gomba hutoa mgomvi. Hapo kariri tu.

Nomino ikiundwa kwa kiambishi -ji badala ya -i, mzizi haubadiliki, kwa kuwa a imekaa katikati: m-pik-a-ji.

Maneno ya mkopo yapime peke yake. Safiri hutoa msafiri bila badiliko lolote, maana i ya mwisho ilikuwapo tangu mwanzo. Na konda wa daladala hakutokana na kukonda, hata awe mwembamba vipi. Ni Kiingereza kilichokatwa mkia.