Unataka kuhamia unesi ukiwa na miaka 40 na kitu? Haya yaweke sawa kabla hujaacha kazi

Wengi wanaotaka kuingia unesi ukubwani wanapiga hesabu ya ada tu, ada ikipatikana wanaona njia nyeupe. Lakini kwa wanafunzi watu wazima niliowaona wakikwama wodini, mara nyingi tatizo halikuwa ada, lilikuwa masaa.

Unesi hausomwi darasani peke yake, kuna masaa ya wodini ambayo lazima uyamalize na yasainiwe, na ratiba yake huipangi wewe. Ukipewa zamu ya asubuhi uwe umeshafika pale wenzako wa zamu ya usiku wanapotoa ripoti ya wagonjwa, ukipewa usiku unakesha, na zamu inaweza kuwa masaa 8 au hata 12. Siku uliyokosa unairudishia, na kawaida unairudishia wenzako wakiwa likizo. Kwahiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi kaa na watu wa nyumbani muongee kwa uwazi kabisa, nani atawaamsha watoto siku uko zamu, nani atakaa na mzazi mgonjwa, na siku umetoka kukesha nyumba itakuwa kimya ulale au utarudi na kuanza kufua? Jibu la "tutaona" usilikubali, taka jina la mtu na siku zake, maana hapa ndipo watu wazuri wenye akili na moyo wa kazi wanapopotelea, mwaka wa pili, wakiwa wamebakiza kidogo tu.

Hela nayo ina sehemu mbili ambazo watu hawazioni. Ya kwanza ni mazoezi ya wodini, ambayo sehemu nyingi hulipwi, na nauli, yunifomu, viatu vya kufunika na vipimo vya afya ni juu yako. Ya pili ni kile kipindi ambacho umemaliza shule lakini hujawa na leseni, yaani unasubiri mtihani, matokeo, usajili, na kazi huruhusiwi kuanza, hapo akiba inatakiwa iwepo bado.

Shule ihakiki kwenye orodha ya baraza la wauguzi lenyewe, usitegemee bango la getini. Uliza pia wanafunzi wanapelekwa hospitali gani na wangapi wanafaulu mtihani wa leseni. Vyeti vya zamani vitafute mapema, hasa kama jina lilibadilika baada ya ndoa, maana jina kutofautiana kwenye makaratasi kunaweza kukuchelewesha sana.

Tuje kwenye hesabu, watu wengi wanaiogopa bure. Hesabu ya dawa ni ya kawaida, ila haitaki kukosea hata kidogo. Daktari kaandika miligramu 250, chupa inasema miligramu 125 kwenye kila mililita 5, unampa mililita 10. Au dripu ya lita 1 iishe kwa masaa 8 na seti yako, yaani mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita, hapo ni kama matone 42 kwa dakika. Nukta ikihama sehemu moja mgonjwa amepata dozi mara kumi, kwahiyo sehemu, desimali na asilimia anza kuzirudia sasa hivi, nusu saa kila jioni inatosha.

Mwili pia. Utasimama sana, utamgeuza mgonjwa ambae hawezi kujigeuza, na kama mgongo ulishaanza kusumbua nenda ukapimwe kabla, sio baada. Macho vilevile, ukishapita 40 kusoma maandishi ya karibu kunaanza kuwa shida, na maandishi ya kichupa cha sindano ni madogo mno. Miwani iwe mfukoni siku ya kwanza.

Halafu kuna hili la heshima, na naomba ulichukue kwa uzito. Atakaekufundisha anaweza kuwa na umri wa mwanao, na atakurekebisha mbele ya watu. Kama ulikuwa bosi mahali itauma, lakini yeye ameshashika mikono ya wagonjwa wengi kuliko wewe, msikilize. Umri wako una faida yake kubwa, unajua kuongea na mzee mwenye hofu, unajua kukaa na familia iliyopata habari mbaya, hilo vijana wengi wanalitafuta miaka. Ila huwezi kulitumia kufidia kazi usiyoijua bado.

Kama unaweza, jitolee kwanza kusaidia kuhudumia wagonjwa, wiki chache tu, uoshe mtu, ubadilishe shuka lenye kinyesi, uone mtu akikata roho. Wapo wanaotoka hapo wakisema hapana, na ni uamuzi wa heshima kabisa.

La mwisho ni chanjo ya homa ya ini B, kama hukuwahi kuipata. Kwa kawaida ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, kwahiyo ukisubiri hadi upokelewe shule unaweza kuingia wodini ukiwa bado hujamaliza. Na ujue kabisa kwamba ukijichoma na sindano iliyotumika unatoa taarifa palepale, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisipite masaa 72, halafu unazimeza siku 28.